Gisenyi na Nyundo: Mji wa Mpakani na Kanisa Lake Kuu

Msafiri aendaye Gisenyi kutoka Kigali hupita kwanza Musanze, chini ya safu ya milima ya Virunga, kisha barabara hupanda na kushuka katikati ya mashamba ya viazi, hata mwisho huanza kuteremka kuelekea magharibi. Baada ya mwendo wa yapata kilomita 150 Ziwa Kivu huonekana ghafla chini yake, pana na la buluu, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Lakini kabla hajaufikia mji, wakati bado zimesalia kilomita kama kumi, hupita mahali paitwapo Nyundo. Hapo juu ya kilima limesimama kanisa kuu la Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, kiti cha askofu wa jimbo zima. Wageni wengi hulipita bila kulitambua. Wafikapo mjini huulizia kanisa kuu lilipo, nao huambiwa kwamba wamekwisha kuliacha nyuma.

Ndivyo ulivyo mji huu. Kanisa lake kuu liko nje ya mji, mlima wake mkubwa uko katika nchi nyingine, na habari zake haziwezi kusimuliwa bila kuutaja mji wa Goma, ambao umeshikamana nao kama pacha. Hata jina lake ni mawili. Mwaka 2006, Serikali ya Rwanda ilipopanga upya mikoa, mkoa wa Gisenyi uliingizwa katika Mkoa wa Magharibi, na wilaya ikapewa jina la Rubavu, ambalo ni jina la kilima kinachouinamia mji. Hata hivyo, wenyeji wengi wautajapo mji wenyewe bado husema Gisenyi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 500,000 katika wilaya hiyo ya Rubavu.

SURA YA NCHI

Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo Gisenyi, ijapokuwa iko karibu sana na mstari wa ikweta, haina joto la kuchosha. Mchana ni wa vuguvugu na usiku huhitaji blanketi. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,700, na mahali penye kina kirefu hufikia karibu mita 485. Viboko na mamba hawamo. Ufuko wa Gisenyi una mchanga, jambo ambalo si la kawaida katika ziwa lililozungukwa na majabali, na kando yake iko barabara ya miti na nyumba za kale za enzi ya Wabelgiji zenye bustani pana.

Upande wa kaskazini husimama mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, ndani ya mipaka ya Kongo. Huu ni mlima wa moto ulio hai. Mara nyingi kilele chake hutoa moshi mchana, na nyakati ambazo moto wake umejaa ndani ya kreta mawingu ya usiku juu yake huwa mekundu. Majivu na mawe yake ya kale ndiyo yaliyoipa nchi hii udongo mweusi wenye rutuba, ambamo viazi, vitunguu, karoti na kabichi hustawi mno. Upande wa mashariki ziko nyanda za juu za Gishwati. Humo hutoka mto Sebeya, ambao hushuka kwa kasi, hupita chini ya kilima cha Nyundo, na kuingia ziwani kusini ya mji. Upande wa magharibi hakuna mto wala mlima wa kutenganisha. Kuna mpaka tu, na nyumba za Goma huanza pale zinapokoma nyumba za Gisenyi.

Ziwa, mlima, mto na mpaka: vitu vinne hivi ndivyo vinavyoulisha mji. Na kila kimoja kati yake kimekwisha kuuletea msiba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Watu wa Gisenyi wangeweza kuongeza kwamba na kikulishacho ki humo humo.

BUGOYI NA MAJIRANI ZAKE

Zamani nchi hii iliitwa Bugoyi, na watu wake Abagoyi. Walikuwa wakulima na wafugaji, lakini pia walikuwa wafanya biashara, kwa kuwa waliishi mahali ambapo watu wa Rwanda, wa visiwa vya Kivu na wa nyanda za magharibi walikutana. Mfalme Kigeli Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, alipigana vita vingi katika sehemu hizi akitaka kuuimarisha utawala wake pande zote za ziwa, hata kisiwani Ijwi.

Mwaka 1894, mwaka mmoja kabla ya kifo cha mfalme huyo, alipita katika nchi hii Mjerumani aliyeitwa Gustav Adolf von Götzen, akitokea pwani ya mashariki pamoja na msafara wake wa wapagazi na askari. Alionana na Rwabugiri, akapanda Nyiragongo na kuliona Ziwa Kivu. Baada yake walikuja wanajeshi wa Kijerumani, wakaweka kituo hapa Gisenyi. Askari wao wengi walikuwa watu wa pwani na wa bara ya Tanganyika, na baada yao walifuata wachuuzi wa nguo, chumvi na shanga. Ndivyo Kiswahili kilivyoingia mjini: lugha ya gwaride, ya soko na ya sala katika mitaa ya Waislamu. Haikutoka tena. Rwanda ilipoamua mwaka 2017 kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, uamuzi huo haukuwa mgeni kwa mtu wa Gisenyi, ambaye amekuwa akinunua na kuuza kwa lugha hiyo tangu enzi za babu zake.

MSTARI ULIOCHORWA BRUSSELS

Kwa zaidi ya miaka kumi Wajerumani na wakuu wa Kongo walibishana ni nani mwenye nchi ya kaskazini ya ziwa. Mwaka 1910 wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza walikutana Brussels wakakata shauri. Gisenyi ikabaki upande wa Wajerumani. Goma na kisiwa cha Ijwi vikawa vya Wabelgiji. Walioishi hapo hawakuulizwa. Watu walikwenda kulala wakiwa majirani wa kitongoji kimoja, wakaamka raia wa tawala mbili.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mstari huo ukawa uwanja wa mapigano. Mnamo Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani chini ya Kapteni Max Wintgens kilikiteka kisiwa cha Ijwi. Kisha, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, majeshi mawili yalitazamana kati ya Goma, Gisenyi na vilima vya Sebeya. Maofisa walikuwa Wazungu. Waliolala katika mahandaki na kubeba mizigo walikuwa Waafrika wa pande zote mbili. Mnamo Mei 1916 majeshi ya Wabelgiji yalisonga mbele, na Wajerumani wakaondoka Rwanda. Kuanzia hapo nchi ilikuwa chini ya Ubelgiji mpaka siku ya uhuru, tarehe 1 Julai 1962. Lakini mstari wa mwaka 1910 haukufutwa, nao ndio mpaka wa leo.

KILIMA CHA NYUNDO

Kanisa Katoliki liliingia Rwanda mwaka 1900, wakati Mapadri Weupe walipofungua misheni ya kwanza huko Save, kusini, na ya pili huko Zaza, mashariki. Ya tatu ilikuwa Nyundo, iliyoanzishwa Aprili 1901. Kwa msemaji wa Kiswahili jina hilo ni la chombo cha mhunzi, na kwa hakika kazi iliyofanyika juu ya kilima hicho ilikuwa ya kufua na kuunda: shule, seminari, mashamba, nyumba ya watawa, na baadaye shule ya sanaa ambayo wachongaji na wachoraji wake wamejulikana kote nchini. Hata Shule ya Muziki ya Rwanda ilianza masomo yake hapo Nyundo mwaka 2014.

Mwaka 1952 ulikuwa wa heshima kubwa kwa kilima hiki. Roma iliikata sehemu ya kaskazini-magharibi ya Rwanda kuwa eneo la kanisa lenye mkuu wake, makao yakawa Nyundo, na aliyechaguliwa kuliongoza alikuwa Padri Aloys Bigirumwami, mzaliwa wa Zaza. Tarehe 1 Juni 1952 aliwekwa wakfu kuwa askofu. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa cheo hicho katika nchi zote zilizotawaliwa na Ubelgiji, yaani Kongo, Rwanda na Burundi. Katika Afrika Mashariki walikuwa wamemtangulia Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda, mwaka 1939, na Laurean Rugambwa wa Tanganyika, aliyewekwa wakfu miezi minne tu kabla yake. Mnamo Novemba 1959 Nyundo ikapandishwa kuwa jimbo kamili.

Askofu Bigirumwami hakuwa mtu wa mimbari tu. Alikusanya methali, hadithi na desturi za Wanyarwanda, akaziandika vitabuni wakati ambapo wasomi wengi waliziona kuwa mambo ya wazee wasiojua kusoma. Mwaka 1954 alianzisha gazeti la watoto lililoitwa Hobe, neno la Kinyarwanda la kumlaki na kumkumbatia mtu. Vizazi vya watoto wa Rwanda vilijifunza kusoma kwa kurasa zake. Alistaafu mwaka 1973, akafariki mwaka 1986.

RIZIKI YA ZIWA NA YA MPAKA

Jioni, jua likikaribia kuzama, wavuvi wa Gisenyi husukuma mitumbwi yao majini. Mitumbwi hiyo huenda mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma mfano wa pembe. Hupiga makasia kwa kuimba, ili mikono yote iende kwa pamoja. Huko kilindini huwasha taa, na samaki wadogo huifuata nuru, kisha wavu huinuliwa kutoka chini yao. Usiku wa mbalamwezi taa hazina nguvu, nao wavuvi hupumzika. Samaki hao, ambao wenyeji huwaita isambaza, ni jamii ya dagaa. Hawakuwamo zamani, walitolewa Ziwa Tanganyika na kupandwa Kivu kati ya mwaka 1958 na 1960. Leo ndio kitoweo cha maskini na tajiri. Hukaangwa mpaka wakauke wakaliwa kwa ndizi au viazi, au huanikwa juani na kupikwa na nyanya na vitunguu. Mama mwenye watoto wadogo hufanya vema kuwaponda pamoja na mifupa yao laini katika uji au mchuzi, kwani humo mna chakula cha kujenga mwili.

Kusini ya mji, penye bandari ya Rubona, kiko kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa mwaka 1957. Kuanzia mwaka 1963 kiwanda hicho kilitumia gesi iliyotolewa chini ya ziwa kuchemshia mitambo yake, jambo lililokuwa geni kabisa ulimwenguni. Karibu na hapo, huko Nyamyumba, ziko chemchemi za maji ya moto ambamo watu huja kuloweka miguu na migongo inayouma. Kwenye miteremko ya kuelekea Nyundo yapo mashamba ya chai ya Pfunda. Na siku za mpira, uwanja wa Umuganda hujaa watu waliogawanyika kati ya Etincelles na Marines, timu ya wanajeshi.

Riziki iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ya mpakani. Goma ni mji mkubwa uliojengwa juu ya mawe ya volkano, ambapo kulima ni taabu. Gisenyi ina mashamba nyuma yake. Ndiyo sababu kwa miaka mingi makumi ya maelfu ya watu wamekuwa wakivuka kwa siku moja katika kituo kiitwacho Petite Barrière, yaani Kizuizi Kidogo, wengi wao wakiwa wanawake wenye vikapu vya nyanya, maziwa, mayai na kuku kichwani. Watu wasioweza kutembea nao hawakukosa fungu lao: baiskeli zao za magurudumu matatu ziligeuzwa kuwa magari ya mizigo, wakaheshimiwa kwa kazi yao. Mpaka ukifungwa, kama ulivyofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, mama wa Gisenyi hana haja ya kusoma gazeti ili ajue. Huona katika chungu chake.

Mwaka 1976 marais wa Rwanda, Burundi na Zaire waliuchagua mji huu kuwa mahali pa kuunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na makao yake yakawekwa hapa. Vita vilivyofuata viliidhoofisha jumuiya hiyo mno, lakini wazo lake lilikuwa lile lile la wachuuzi: kwamba majirani hawa hawawezi kuishi kila mmoja kivyake.

GESI, MOTO NA MAJI

Chini kabisa ya Ziwa Kivu kumelala hazina ambayo pia ni hatari. Maji ya kilindini yamebeba gesi nyingi sana: methani ifikayo mita za ujazo bilioni 60 hivi, na hewa ya ukaa iliyo mara tano zaidi. Uzito wa maji ya juu huikandamiza isitoke, kama kizibo kinavyozuia chupa ya soda. Katika ziwa dogo la Nyos, nchini Kamerun, kizibo cha namna hiyo kiliachia usiku wa Agosti 1986, na zaidi ya watu 1,700 walikufa usingizini. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos, na kwenye kingo zake wanaishi watu mamilioni. Kwa hiyo kuitoa methani kwa utaratibu na kuigeuza umeme kuna faida mbili, kupata nguvu na kupunguza hatari. Mtambo wa Karongi, wa megawati 26, ulianza kazi mwishoni mwa mwaka 2015, na mwingine wa megawati 56 umejengwa hapa Rubavu.

Hewa hiyo ya ukaa hutoka pia ardhini kwenye mashimo na mabonde madogo ya kaskazini ya ziwa, hasa upande wa Goma. Watu wa huko huiita mazuku, na wataalamu wa volkano duniani wamelichukua neno hilo katika vitabu vyao. Mazuku haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, basi hukaa chini, na hukusanyika zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi na mbwa ndio hufa kwanza, kisha mtoto aliyekwenda kuwatafuta. Kwa familia zinazohamia sehemu hizi, wakiwemo wake na watoto wa askari wageni, amri ni fupi: mtoto asitumwe shimoni alfajiri, na mtu akianguka bondeni, mwingine asishuke mbio kumwinua kabla ya kuita msaada. Wengi waliokufa ni waliokwenda kuokoa.

Mlima nao haujalala. Nyiragongo ulipasuka Januari 1977, ukapasuka tena tarehe 17 Januari 2002, na zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, ikapita katikati ya Goma mpaka ziwani. Mara ya tatu ilikuwa jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Zaha haikufika Gisenyi, lakini kwa siku kadhaa ardhi ilitetemeka, na kuta za nyumba nyingi za Rubavu zikapasuka.

Na mto? Sebeya huzungusha mitambo midogo ya umeme na kuwapa watu maji. Lakini msitu wa Gishwati, uliokuwa ukishika mvua kama sifongo, ulikatwa karibu wote katika miaka ya 1980 na 1990 kwa ajili ya malisho, mashamba na makazi. Maji hayakupata tena wa kuyazuia. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, vilima vikaporomoka, na Sebeya ukafurika katika sehemu za Nyundo, Rugerero na Kanama. Katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini walikufa watu zaidi ya 130 kwa usiku mmoja. Mabaki ya Gishwati sasa ni sehemu ya hifadhi ya taifa, na miti inapandwa upya. Lakini mti huota polepole kuliko unavyokatwa.

MWAKA 1994

Misiba ya maji na moto haina mwenye kulaumiwa peke yake. Msiba mkubwa kuliko yote uliletwa na watu.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, watu wa kilima cha Nyundo walikimbilia mahali walipozoea kuona kuwa salama: seminari, nyumba ya askofu na kanisa kuu. Tangu tarehe 7 Aprili wauaji waliwafuata humo humo. Mapadri waliuawa pamoja na waumini wao, na wazee pamoja na watoto. Walionusurika wakabaki kanisani, na tarehe 1 Mei wauaji walirudi. Mlango wa kanisa, ambao kwa miaka tisini na mitatu ulikuwa kimbilio, haukumlinda mtu.

Mjini, wengi walipelekwa kwenye makaburi, mahali palipopewa jina la Commune Rouge, wakauawa hapo. Leo pana makumbusho yenye mabaki ya maelfu ya watu. Mmoja wa waliokufa hapo ni Félicité Niyitegeka, mwanamke wa miaka sitini hivi, aliyejitoa maisha yake kwa utumishi wa Kanisa katika Kituo cha Mtakatifu Petro cha Gisenyi. Yeye alikuwa Mhutu, na kaka yake alikuwa ofisa wa jeshi. Aliwaficha Watutsi nyumbani, na usiku aliwasaidia kuvuka mpaka kwenda Goma. Kaka yake alipojua kwamba wauaji watakuja, alimpelekea habari ajiokoe. Félicité alimjibu kwa barua kwamba yuko pamoja na watu arobaini na watatu walio katika dhamana yake, na kwamba ni heri afe nao kuliko kuwaacha. Tarehe 21 Aprili 1994 walichukuliwa wote. Hata ukingoni mwa kaburi aliambiwa kwamba yeye anaweza kwenda zake, akakataa, akauawa.

Rwanda imemweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, pamoja na Mfalme Mutara Rudahigwa na Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana. Kwa mtu yeyote aliyekula kiapo cha kulinda raia, habari yake ni ya kutafakari. Hakuwa na bunduki wala amri ya mkubwa. Alikuwa na mlango wa nyumba na neno dhamana, na alilielewa neno hilo kwa ukamilifu wake wote.

MLANGO WA PANDE MBILI

Mnamo Julai 1994 serikali iliyosimamia mauaji hayo ilishindwa vita, ikakimbilia Gisenyi, na kutoka hapo ikavuka mpaka. Karibu watu milioni moja waliingia Goma kwa siku chache: raia, askari waliovunjika, na wauaji waliojichanganya nao. Kipindupindu kiliwavamia juu ya mawe meusi ambayo hata kaburi halichimbiki, wakafa kwa makumi ya maelfu. Mnamo Novemba 1996 mlango ule ule ulifunguka upande wa pili, na mamia ya maelfu wakarudi kwa miguu, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Miaka ya 1997 na 1998 ikawa ya mashambulizi ya wapenyezi waliotoka Kongo, na vijiji vya huku vilijua tena hofu ya usiku.

Kisha ikaja Januari 2002. Moto wa Nyiragongo ulipoingia Goma, watu wapatao laki tatu walikimbia, na njia yao ilikuwa ile ile. Gisenyi, ambayo miaka minane nyuma ilikuwa imetoa wakimbizi, sasa iliwapokea. Nyumba zilifunguliwa, na makanisa, misikiti na shule pia. Mwaka 2021 ikawa vivyo hivyo: watu wa Goma walivuka usiku wakiwa na watoto na vyungu vyao. Na vita vilipoufikia mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, risasi na makombora viliuvuka mstari wa mwaka 1910 na kuua raia ndani ya Rubavu, huku watu wa ng'ambo wakija kutafuta usalama.

Kwa hiyo mpaka huu umewafundisha watu wake somo ambalo miji ya ndani ya nchi hulisoma vitabuni tu. Anayebisha hodi leo ndiye aliyefungua mlango jana, au ndiye atakayeufungua kesho. Askari wa zamu, afisa wa forodha na polisi wa barabarani hapa huona kila siku sura za watu wasiojulikana kama ni wachuuzi, wageni au wakimbizi wa kesho. Kazi yao ni kulinda, na kulinda ni pamoja na kutambua nani wa kuzuiwa na nani wa kupokewa.

Kanisa kuu la Nyundo linatumika tena. Jumapili waumini hupanda kilima kwa miguu, wakina mama katika mavazi yao ya mshanana, na ndani yao wamo waliofiwa na wote waliokuwa nao. Ibada za kumbukumbu hufanyika kila mwaka mwezi wa Aprili. Chini ya kilima Sebeya hupita kwa kelele, hasa mvua zinapoanza, na wakazi wa kandokando husikiliza kelele hiyo kabla ya kulala. Mbele zaidi, ziwani, taa za wavuvi huonekana moja moja, kisha nyingi, mpaka mtu akadhani mji mwingine umejengwa juu ya maji. Alfajiri mitumbwi hurudi, nyimbo zikasikika kabla yake, na wanawake huwa wameshasimama ufukoni na mabeseni, wakingoja kujua usiku umewapa nini.